Baba anataka kuuza shamba ili afuate sindano ya mionzi nchi za nje

Kwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba moja na wazazi wangu. Baba yangu ana umri wa miaka 72. Miaka mitatu iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume ambayo ilikuwa imekwisha kufika kwenye mifupa ya nyonga. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani ili homoni ya kiume ipungue mwilini, na kipimo chake cha PSA, yaani kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hiyo, kikashuka hadi chini ya 1, akarudi shambani kama zamani. Mwaka jana kipimo kilianza kupanda tena, akaanzishiwa vidonge vya homoni viitwavyo abiraterone pamoja na prednisolone, vikamsaidia kwa miezi kadhaa, lakini sasa PSA imefika 94. Daktari wake anasema hatua inayofuata ni dripu za docetaxel. Baba hataki kusikia habari za kemo, kwa sababu mdogo wake alifariki akiwa katikati ya kemo ya saratani ya umio.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat, na huko amekutana na wakala anayepeleka wagonjwa India. Wakala huyo ametueleza kwamba ipo sindano ya mionzi iitwayo luteshiamu, inayoingia kwenye mshipa, ikaisaka saratani popote ilipo na kuimaliza yote. Anataka tutume amana ndani ya wiki mbili ili nafasi ya baba isichukuliwe na mtu mwingine. Aliposikia kwamba fedha zetu ni chache, akasema baba anaweza kuingizwa kwenye utafiti wa dawa nyingine kali zaidi, aktiniamu, kwa bei ya punguzo. Baba amekubali, na amekwisha kumwita mnunuzi aje kulitazama shamba letu la michungwa, ambalo ndilo linalotulisha na kusomesha watoto. Wakati huohuo anasema hataki watu wamfanyie majaribio, kwa hiyo sielewi kama amefahamu vizuri anachokwenda kufanyiwa.

Mama naye ana hofu yake. Majirani wamemwambia kwamba mtu akipata dawa hiyo anarudi na mionzi mwilini. Mtoto wangu wa mwisho ana miezi minane na hulala chumbani kwa bibi na babu yake, na choo chetu ni cha shimo. Naomba unieleze: je, dawa hii ni tiba ya kweli au ni majaribio? Tuuze shamba? Na akirudi nyumbani, watoto watakuwa salama?

Jambo la mwisho, ambalo sijui kama lina uhusiano: kwa wiki mbili sasa baba analalamika maumivu ya mgongo yanayomzidi usiku, na panadol haimsaidii.

Binti wa Muheza

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuuguliwa na mzazi. Jambo uliloliweka mwishoni mwa barua ndilo nitakaloanza nalo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki kadhaa na hilo haliwezi.

Saratani ya tezi dume ikifika kwenye mifupa hupenda sana pingili za mgongo. Uvimbe ukikua humo, au pingili ikibonyea, neva zinazopita katikati ya mgongo zinaweza kubanwa, na zikibanwa kwa muda mrefu mtu hupooza miguu na asisimame tena hata kama saratani yenyewe itatibiwa baadaye. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku au mtu anapolala chali, kwa mgonjwa kama baba yako, lazima yachunguzwe wiki hii. Mpeleke kwa daktari wake, mweleze hivyo ulivyonieleza mimi, na uulize kama anaweza kupigwa MRI ya mgongo. Baba akianza kuburuta miguu, akipata ganzi mapajani au sehemu za siri, au akishindwa kutoa au kuzuia mkojo au choo, usisubiri kliniki: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, ambayo kwa kawaida huanza kutibiwa kwa dawa za steroidi kisha mionzi ya nje au upasuaji.

Ikiwa mgongo haujabanwa na yanayomsumbua ni maumivu ya mfupa tu, iko tiba ambayo haihitaji kupanda ndege. Mashine ya tiba mionzi, kama zilizopo katika hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, inaweza kuupiga mfupa unaouma kwa dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), kwa ziara moja, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa kutuliza maumivu ya mfupa dozi hiyo moja hufanya kazi sawa na dozi ndogondogo za siku nyingi, ingawa wanaohitaji kurudia tiba huwa wengi zaidi kwa waliopata dozi moja. Uliza pia kuhusu morfini ya maji, ambayo hutolewa na kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Baba hapaswi kukesha na maumivu wakati familia ikijadili habari za India.

Sasa nije kwenye sindano yenyewe. Swali lako la kwanza lina jibu la wazi: luteshiamu ni tiba ya kweli, imepimwa kwa wagonjwa wengi, na imesajiliwa. Lakini haifanyi kile ambacho wakala amewaahidi.

Dawa hii ina sehemu mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni molekuli ndogo iliyoundwa ili ishike protini iitwayo PSMA, ambayo hujaa kwenye ngozi ya nje ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Ya pili ni luteshiamu-177, atomu inayotoa mionzi ya beta. Molekuli hiyo ni mfano wa tarishi mwenye anwani: akiikuta PSMA anatua, na mzigo wake wa mionzi unaipiga seli hiyo na zile zinazoizunguka kwa umbali usiozidi takriban milimita 2. Kiasi kisichotua popote huchujwa na figo na kutoka kwa mkojo, sehemu kubwa ikitoka ndani ya siku mbili za mwanzo. Wazo lenyewe si geni, kwani iodini-131 imetumika kutibu tezi ya shingo tangu miaka ya 1940, na tezi hiyo huivuta iodini yenyewe bila kuhitaji tarishi. Watu waliotibiwa kwa iodini hiyo hapa kwetu, Ocean Road, wamo miongoni mwetu na wanaendelea na maisha yao.

Utafiti ulioifanya luteshiamu ya PSMA ikubalike unaitwa VISION, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Ulihusisha wanaume 831 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, imekuwa sugu kwa tiba ya homoni, na imekwisha kupita kwenye vidonge vya aina ya abiraterone na kwenye kemo. Miongoni mwa waliopewa luteshiamu pamoja na huduma za kawaida, nusu waliishi zaidi ya miezi 15.3; miongoni mwa waliopata huduma za kawaida peke yake, ambazo hazikujumuisha kemo, nusu waliishi zaidi ya miezi 11.3. Hiyo ni tofauti ya miezi minne. Mimi siidharau hata kidogo, kwa sababu miezi minne ya mtu anayekula, anayetembea na anayewatambua wajukuu wake ina thamani kubwa, na wako wagonjwa ambao dawa hii imewapa muda mrefu kuliko huo. Lakini mtu anayemwambia mzee mwenye saratani ndani ya mifupa kwamba sindano hii itaimaliza yote anasema jambo ambalo utafiti haukuonyesha, na familia isiuze mali kwa msingi wa kauli hiyo.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha dawa hiyo mwezi Machi 2022 kwa wagonjwa waliokwisha kupata kemo, kisha Machi 2025 ikapanua ruhusa kwa wale ambao bado hawajapata kemo na ambao daktari anaona kwamba kemo inaweza kuahirishwa. Ruhusa hii ya pili inamhusu baba yako moja kwa moja, kwa hiyo naomba uielewe vizuri. Ilitokana na utafiti wa wanaume 468, ambao ulionyesha kwamba luteshiamu ilichelewesha kukua kwa saratani kuliko kubadilisha kidonge cha homoni. Haukuonyesha wazi kwamba maisha yalirefuka, na sababu moja ni kwamba wengi wa wale waliokuwa kwenye vidonge waliruhusiwa kupewa luteshiamu baadaye saratani ilipoendelea. Kwa maneno mengine, baba anaweza kuwa na sifa za kuipata dawa hii kabla ya kemo, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba akianza na docetaxel atakuwa amepoteza nafasi yake.

Ndiyo maana nasikitika kwamba docetaxel imekataliwa nyumbani kabla ya kuzungumzwa hospitalini. Ni dawa iliyothibitika tangu mwaka 2004 kurefusha maisha ya wagonjwa wa aina ya baba yako, inatolewa hapa nchini, na kwa kawaida hutolewa mara moja kila wiki tatu. Marehemu baba yako mdogo aliugua umio, ambao ni ugonjwa mwingine, wenye dawa nyingine, na mgonjwa wake mara nyingi huanza tiba akiwa amekwisha kudhoofu kwa kushindwa kumeza chakula. Mwombe daktari aketi na baba, amweleze tofauti hiyo kwa utulivu, naye aulize maswali yake yote. Huko Australia wanaume 200 waliokwisha kupata docetaxel waligawanywa, wengine wakapewa luteshiamu na wengine kemo ya pili iitwayo cabazitaxel. PSA ilishuka kwa nusu au zaidi kwa asilimia 66 ya waliopata luteshiamu, dhidi ya asilimia 37 ya waliopata kemo, na madhara makubwa yalikuwa machache upande wa luteshiamu. Hata hivyo, muda wa kuishi ulikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili. Mzee anayechagua kati ya njia hizi anastahili kuyajua yote hayo, siyo nusu yake.

Baada ya hayo, baba akisema kwa akili timamu kwamba kemo haitaki, basi hiyo ni haki yake, nawe usimlazimishe. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba njia anayoichagua inamfaa, na hapo ndipo ninapotaka uweke nguvu zako zote.

Tarishi hafiki mahali ambapo anwani haipo. Si kila saratani ya tezi dume ina PSMA ya kutosha, na kwa mgonjwa mmoja uvimbe wa nyonga unaweza kuwa nayo tele huku uvimbe wa ini hauna. Kwa hiyo kabla ya luteshiamu mgonjwa lazima apigwe skani ya PSMA, ambayo kwa kawaida ni skani ya PET. Anadungwa molekuli ya aina hiyohiyo ikiwa imebeba atomu ya kupiga picha, kama galiamu-68 au florini-18, anasubiri takriban saa moja, kisha analazwa kwenye mashine. Katika picha yake utaona tezi za mate, figo, kibofu na sehemu ya utumbo zikiwaka, na hilo lisikushtue, kwa sababu viungo hivyo huivuta dawa hata kwa mtu asiye na saratani humo. Daktari anachotazama ni madoa ya saratani yenyewe: kama yanang'aa kuliko ini, na kama upo uvimbe mkubwa unaoonekana kwenye CT lakini haung'ai kabisa. Katika utafiti wa VISION watu 1,003 walipigwa skani hiyo, na takriban 13 katika kila 100 hawakukidhi vigezo. Hao walikuwa na ugonjwa uleule na hamu ileile ya kutibiwa, lakini sindano isingekuwa na pa kutua.

Nairobi zipo mashine za PET, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kutoka Tanga mtu husafiri kwa basi akafika. Mwombe daktari wa Ocean Road akuelekeze kwenye kituo kinachofaa, naye awaandikie rufaa. Kabla ya kusafiri pigeni simu kuthibitisha kwamba siku hiyo watakuwa na dawa ya PSMA hasa, kwa sababu galiamu-68 hupungua kwa nusu kila dakika 68 na florini-18 kila dakika 110, wala haiwezi kukaa rafuni kumsubiri mgonjwa. Msichanganye skani hii na ile ya mifupa ambayo huenda amekwisha kupigwa, kwani ile haionyeshi PSMA. Pamoja na skani, apimwe wingi wa damu, chembe sahani (zile zinazogandisha damu) na figo. Saratani iliyotapakaa kwenye uboho na figo zilizozibwa na uvimbe wa tezi dume ni sababu mbili za kawaida za daktari kusema tusubiri, na figo zilizozibwa mara nyingi hufunguliwa kwanza.

Ndugu zako wote wausikie mpangilio huu kutoka kwako: kwanza mgongo, kisha skani na damu, kisha maoni ya daktari wa tiba ya nyuklia aliyeiona skani hiyo, ndipo fedha. Gharama ya skani ni kubwa kwa familia ya kawaida, nalijua hilo, lakini ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya shamba. Mnunuzi wa shamba mwambieni asubiri.

Kuhusu wakala, nitasema bila kuzunguka. Kituo cha kweli kinaanza kwa kuomba skani, majibu ya damu na historia ya matibabu, halafu kinasema ndiyo au hapana. Mtu anayedai amana kwa ajili ya nafasi ya mgonjwa ambaye hajapigwa skani ya PSMA anauza kitu ambacho hajui kama kipo. Kaka yako aombe jina la hospitali na la daktari, aiandikie idara ya tiba ya nyuklia ya hospitali hiyo yeye mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao rasmi, na malipo yoyote yalipwe hospitalini kwa stakabadhi ya hospitali. India ina vituo vizuri vyenye uzoefu wa miaka mingi wa tiba hii, na sina shaka nao. Ninachokitilia shaka ni huyo mtu wa katikati.

Kaka yako aiulize hospitali hiyo pia gharama ya tiba nzima, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huumia. Luteshiamu haitolewi mara moja. Mpango wa kawaida ni dozi ya gigabekereli 7.4 (kipimo cha nguvu ya mionzi) kila baada ya wiki sita, hadi mara sita, na kati ya dozi na dozi damu hupimwa na PSA hufuatiliwa, ili dawa isipofanya kazi isimamishwe mapema. Hesabu basi tiketi za mgonjwa na msindikizaji, viza, malazi na vipimo, uvizidishe kwa idadi ya safari. Shamba linaweza kulipia dozi mbili likaisha, na baba akabaki katikati ya tiba bila sindano wala michungwa. Nyote mkubaliane mapema: baada ya dozi ya pili mtaangalia dalili gani, na mkiona haisaidii mtasimama.

Tarehe nazo ni ngumu kuliko za dawa nyingine. Chupa ya luteshiamu hutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa fulani na siku fulani, na tangu inapofungwa nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 6.65, yaani takriban asilimia kumi kwa kila siku inayopita. Husafirishwa ndani ya chombo cha risasi, na muda wake wa kutumika ni siku chache tu. Hospitalini fundi huipima kwenye mashine akiwa nyuma ya kinga ya risasi, humwingizia mgonjwa polepole kwenye mshipa wa mkono kwa muda usiozidi nusu saa, kisha huipima tena chupa tupu ili ajue ni kiasi gani hasa kimeingia. Mgonjwa hahisi kitu zaidi ya sindano ya kawaida. Viza ikichelewa siku nne, dozi ile inaweza kuwa imepotea, na ni vyema mjue mapema nani atailipia.

Sasa habari ya aktiniamu. Aktiniamu-225 hutoa mionzi ya alfa, ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita lakini ndani ya umbali huo hukata vinasaba vya seli kwa nguvu kubwa kuliko beta. Hospitali ya Steve Biko mjini Pretoria, chini ya Profesa Mike Sathekge, ni miongoni mwa waliotangulia duniani kuitumia kwa saratani ya tezi dume, na mwaka 2024 ilichapishwa taarifa ya wanaume 488 waliotibiwa kwa dawa hiyo Afrika Kusini, India, Ujerumani na Australia. Taarifa hiyo inatia moyo, na binafsi ninafurahi kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imetoka barani kwetu. Hata hivyo ilikusanywa kwa kurudi nyuma kwenye mafaili ya wagonjwa, bila kundi la kulinganisha, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walipata ukavu wa kinywa, kwa sababu tezi za mate nazo huivuta dawa. Ukavu huo hutokea kwa luteshiamu pia, kwa takriban asilimia 39 katika VISION, lakini kwa aktiniamu unaweza kumfanya mtu ashindwe kabisa kula ugali mkavu.

Baba anasema hataki kufanyiwa majaribio, huku wakala anamwingiza kwenye utafiti. Lazima mambo haya mawili yakutane mezani. Kushiriki katika utafiti si aibu wala si kudhalilishwa, na kila dawa niliyoitaja hapa ipo kwa sababu wagonjwa fulani walikubali kushiriki. Lakini utafiti halali una alama zake. Umeidhinishwa na kamati ya maadili ya nchi unakofanyika, na umeandikwa kwenye daftari la wazi, kama lile la India au lile la Afrika nzima lililoko Cape Town, ambapo mtu yeyote anaweza kuusoma kwa namba yake. Una fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa husomewa kwa lugha anayoielewa, akaenda nayo nyumbani, akauliza, na akiisaini bado anaruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kupoteza huduma zake nyingine. Fomu hiyo hueleza nani atamtibu akidhurika na kwa gharama ya nani. Dawa inayochunguzwa kwa kawaida haiuzwi kwa mshiriki, kwa hiyo maneno "utafiti kwa bei ya punguzo" yanatosha kukufanya usimame. Vipo vituo vinavyotoa aktiniamu kwa malipo nje ya utafiti, kwa wagonjwa waliokwisha kupita njia nyingine zote. Ikiwa ndivyo, na waseme hivyo, na baba yako bado hajapita njia zote.

Nimalizie kwa hofu ya mama, ambayo ni ya haki na ina majibu. Majirani hawakukosea kusema kwamba mgonjwa hurudi na mionzi, ila hawakumwambia kwamba hiyo hupungua haraka na kwamba zipo kanuni za kuishi nayo. Maelekezo ya kawaida baada ya kila dozi ya luteshiamu ni haya: kwa siku mbili asikae karibu na watu wa nyumbani kwa chini ya mita moja kwa muda mrefu, na kwa watoto na wajawazito iwe siku saba. Alale chumba cha peke yake kwa siku tatu, na asilale chumba kimoja na mtoto kwa siku saba, wala na mjamzito kwa siku 15. Asishiriki tendo la ndoa kwa siku saba. Mtoto wako wa miezi minane, kwa hiyo, ahamie kwako kwa muda huo, asipakatwe na babu, na baada ya hapo arudi kama kawaida. Hospitali ikitoa maelekezo makali zaidi, fuateni ya hospitali. Tena, kama baba atapumzika siku kadhaa kule kule kabla ya kuanza safari ya kurudi, sehemu kubwa ya siku hizo itakuwa imepita kabla hajafika Muheza.

Mkojo ndio wenye kuhitaji uangalifu zaidi. Anywe maji mengi na kukojoa mara kwa mara, achuchumae au aketi badala ya kusimama ili matone yasisambae, anawe mikono kwa sabuni, na sakafu ya choo imwagiwe maji ya kutosha kila anapotoka. Choo cha shimo mkieleze hospitalini mapema bila kuona haya, ili afisa usalama wa mionzi awape maelekezo ya hali yenu halisi, na siyo ya nyumba yenye choo cha kuvuta maji. Kinachoingia shimoni hupungua chenyewe, na baada ya takriban siku 67 hubaki chini ya sehemu moja ya elfu. Nguo zilizolowa mkojo au jasho zifuliwe peke yake siku za mwanzo, na anayezishika avae glavu.

Vifaa vya kugundua mionzi kwenye viwanja vya ndege vinaweza kumlilia kwa wiki kadhaa baada ya sindano. Asitoke hospitalini bila barua yenye jina lake, jina la dawa, kiasi alichopewa, tarehe na namba ya simu ya idara, na barua hiyo aiweke mfukoni mwake, isiwe ndani ya begi la mizigo.